Umweleze Msomaji Kila Kitu, Umwachie, au Umpe Njiani? Ulinganisho kwa Waandishi wa Hadithi

Mwandishi aliyefanya utafiti wa kutosha ana tatizo ambalo asiyefanya hana. Amesoma miezi kadhaa kuhusu upasuaji, mahakama, vita fulani au maisha ya baharini, na sasa kila sentensi anayoandika inagusa jambo ambalo msomaji huenda analijua au halijui. Aeleze? Aache? Adokeze? Katika mswada wa kurasa 300 uamuzi huu hufanywa mara mamia, na mara nyingi mwandishi hatambui hata kwamba anaamua.

Njia kuu ni tatu, na kuna ya nne ambayo ni ya kusaidia tu. Ya kwanza ni kumchukulia msomaji kuwa hajui lolote, ukamweleza. Ya pili ni kumchukulia kuwa anajua, au kwamba atavumilia kutojua. Ya tatu ni kumpa maarifa ndani ya tendo lenyewe, anapoyahitaji au kitambo kabla. Ya nne ni kuyaweka maelezo nje ya hadithi: tanbihi, faharasa ya maneno, ramani, orodha ya wahusika.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Swali la "kiasi gani" halina jibu moja, lakini swali la "yapi" linalo. Maarifa ambayo tukio limesimama juu yake lazima yawemo ndani ya kitabu, na yafike kabla ya tukio. Maarifa yanayoongeza ladha yanaweza kubaki nje, mradi asiyekuwa nayo aweze kuendelea kusoma bila kujikwaa. Waandishi wengi hufanya kinyume chake: hueleza ladha kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowafurahisha, halafu huacha nguzo ya tukio bila maelezo kwa sababu kwao imeshakuwa jambo la kawaida.

Tukio moja, kwa njia tatu

Tuchukue wodi ya hospitali usiku. Muuguzi mzoefu anaingia na kumkuta mwanafunzi amesimama kando ya mgonjwa. Jambo la kitaalamu lililobeba tukio ni hili: kloridi ya potasiamu ya chupa, ile nzito, huchanganywa kwanza kwenye mfuko wa dripu na kuingia mwilini polepole. Ikisukumwa kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchanganywa, inaweza kusimamisha moyo.

Kueleza yote:

> Rehema aliitazama ile chupa. Ilikuwa kloridi ya potasiamu, dawa wanayopewa wagonjwa waliopungukiwa na madini hayo katika damu. Dawa hiyo huchanganywa kwanza kwenye mfuko wa dripu na kuingizwa polepole, kwa sababu ikiingia kwa wingi na kwa ghafla huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuusimamisha kabisa. Mwanafunzi alikuwa ameisukuma moja kwa moja.

Kumwachia msomaji:

> Rehema aliigeuza chupa. Potasiamu. Bomba la sindano lilikuwa tupu, na mfuko wa dripu ulikuwa haujatobolewa.

Kumpa ndani ya tendo:

> Rehema aliigeuza chupa mpaka lebo ikawa juu. Potasiamu.
>
> "Umeichanganya kwenye mfuko upi?"
>
> Mwanafunzi aliutazama mfuko wa dripu, ambao ulikuwa bado ndani ya nailoni yake. "Nimeisukuma tu kwenye mshipa."
>
> "Yote?"
>
> Hakungoja jibu. Alikuwa ameshapanda kitandani kwa magoti, viganja viwili juu ya kifua cha mgonjwa, anabonyeza na kuhesabu kwa sauti.

Kifungu cha kwanza hakina kosa la ukweli, na kila msomaji atakielewa. Kasoro yake ni kwamba tukio lenyewe limebanwa katika sentensi moja ya mwisho, baada ya somo ambalo hakuna aliyeliomba. Rehema analijua hilo somo. Asingeliwaza wakati mtu anakata roho mbele yake. Kwa hiyo sauti inayoeleza si ya Rehema tena, ni ya mwandishi, na msomaji huhisi hivyo hata kama hawezi kusema ni nini kimebadilika. Maelezo hayohayo yakiwekwa katika sura ya pili, siku mwanafunzi anapopitishwa kwenye kabati la dawa na kuonyeshwa chupa zinazofungiwa peke yake, hayatakuwa na kosa lolote.

Kifungu cha pili ni kifupi na ni kikali, lakini kwa wachache. Muuguzi akifika kwenye maneno "haujatobolewa" atashtuka kweli. Wengine wataona mwanamke anaangalia chupa. Tena hawatajua kwamba kuna kitu kimewapita, na hapo ndipo hasara ilipo. Msomaji anayejua kwamba hajaelewa husubiri jibu. Asiyejua kwamba kuna jambo huendelea kusoma akidhani ukurasa ulikuwa mtupu.

Cha tatu hakifundishi jinsi potasiamu inavyoathiri moyo. Kinatoa mambo matatu tu: ilipaswa kuchanganywa, haikuchanganywa, na matokeo yake yako kifuani. Inatosha. Mtaalamu naye hajapoteza mfuko wake ambao haujatobolewa. Gharama ipo, lakini: kifungu ni kirefu kuliko cha pili na kinahitaji mtu wa pili ambaye amekosea au hajui. Rehema akiwa peke yake chumbani, njia hii inakuwa ngumu, na dawa yake ni kupanda maarifa mapema, sura moja au mbili nyuma.

Kwa nini yafike kabla

Mwaka 1972 wanasaikolojia John Bransford na Marcia Johnson walichapisha majaribio kuhusu kifungu kinachoeleza kazi ya kufua nguo bila kutaja kwamba ni kufua. Waliopewa mada kabla ya kusikia kifungu walikielewa na kukikumbuka vizuri zaidi. Waliopewa mada baada ya kukisikia hawakuwa na nafuu yoyote iliyo wazi kuliko wale ambao hawakupewa kabisa. Kwa mwandishi wa hadithi hili ni jambo zito. Maelezo unayoyatoa ukurasa mmoja baada ya tukio hayarudi nyuma kulitengeneza. Msomaji atasema "ahaa", lakini hofu aliyopaswa kuihisi imeshapita bila kuhisiwa.

Kuna jambo moja lisilofuata hili: siri. Hadithi ya upelelezi huishi kwa kuchelewesha maana. Lakini hata huko kinachocheleweshwa ni jibu, wala si kanuni. Kama muuaji atagunduliwa kwa sababu saa ya mezani ilikuwa ya kujazwa kwa ufunguo kila baada ya siku nane, basi msomaji awe ameshaona mtu akiijaza saa hiyo, na awe ameisikia hiyo hesabu ya siku nane ikitajwa kwa jambo lingine. Akiisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa mpelelezi katika sura ya mwisho, ataona amedhulumiwa, na atakuwa na haki.

Majaribio mengine yanaonyesha kwa nini mwandishi hawezi kujipima mwenyewe. Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wengi, ili wasikilizaji wautambue wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilitambuliwa 3. Mgongaji anausikia wimbo wote kichwani mwake. Msikilizaji anasikia meza ikigongwa. Kifungu cha pili cha Rehema ni ugongaji wa meza wa namna hiyo hiyo.

Kueleza yote: inapofaa na inapoharibu

Njia hii hudharauliwa kupita kiasi katika mafunzo ya uandishi. Inafaa sana pale msimulizi ana tabia ya kueleza, na maelezo yake yanatuonyesha yeye ni nani. Msimulizi aliyebobea katika kufuli, anayeshindwa kutaja mlango bila kutaja aina ya kitasa chake, anaweza kutueleza kurasa mbili na tukamfuata, kwa sababu tunamsoma yeye zaidi ya kufuli. Herman Melville, katika Moby-Dick ya mwaka 1851, alitenga sura nzima ya 32 kwa kuwapanga nyangumi makundi makundi. Wapo wanaoiruka, lakini imo humo kwa sababu msimulizi wake ana kiu ya kumjua huyo mnyama na hawezi kuituliza.

Inafaa pia kwa wasomaji wadogo, lakini kwa kipimo. Mtoto wa miaka tisa anavumilia maneno mapya mengi kuliko tunavyodhani, mradi ajue nani anataka nini katika tukio. Akikosa hilo, hata maneno mepesi hayamsaidii.

Inapoharibu ni sehemu tatu. Kwanza, katikati ya hatari, kama tulivyoona wodini. Pili, katika kurasa za kwanza, ambapo msomaji hana sababu bado ya kutaka kujua. Historia ya ufalme wa kubuni kwa kurasa nne kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo ni maelezo yasiyo na mteja. Tatu, ndani ya mazungumzo ya watu wawili wanaojua jambo moja. "Kama unavyojua, hakimu mwenzangu, rufaa haiwezi kusikilizwa na aliyetoa hukumu ya kwanza." Hakuna hakimu anayemwambia hivyo hakimu mwenzake. Mgeuze mmoja awe mlalamikaji aliyekuja kuuliza kwa nini kesi yake imehamishiwa chumba kingine, na sentensi ileile itasimama vizuri.

Kwa kipimo cha kufanyia kazi: maelezo yanayoingia katika kishazi cha maneno kumi hadi kumi na tano hayamsumbui mtu. Yakifika aya nzima, lazima pawepo mhusika anayeyahitaji kwa sababu yake mwenyewe, sasa hivi. Yakizidi ukurasa, yanapaswa kuwa na mgogoro ndani yake: mtu anabisha, mtu anasikiliza nusu, mtu anadanganya.

Kumwachia msomaji: ujasiri wenye bei

Upande huu una faida ambayo mingine haina. Msomaji anayejua hujisikia ameheshimiwa, na asiyejua lakini mwenye ari hujisikia ameingizwa katika dunia ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mgeni. Huo uhalisi ni kitu cha kweli. Marubani wanaoongea kama marubani wanaaminika hata kama nusu ya maneno yao hatuyajui.

Ila angalia ni nusu ipi. Katika mazungumzo ya marubani, namba na vifupisho vinaweza kupita kama sauti ya mahali, kwa kuwa msomaji anachohitaji ni kujua kama mambo yanakwenda vizuri au vibaya, na hilo analipata kwenye sauti zao, kasi ya majibu, na mkono unaoacha kikombe. Kwa hiyo istilahi zinaachwa, hisia hazifichwi. Ukiacha vyote viwili umeandika kumbukumbu za kazini.

Umberto Eco alieleza kwamba marafiki na wahariri walimwomba afupishe kurasa mia za mwanzo za Il nome della rosa, riwaya yake ya mwaka 1980, kwa kuwa ni nzito. Alikataa. Alitaka msomaji anayeingia kwenye monasteri na kuishi humo siku saba akubali mwendo wake, na asiyeweza abaki nje. Huo ni uamuzi halali. Ila tuone alichompa msomaji upande wa pili: vifo vinavyofuatana, mpelelezi mwerevu, na kijana anayemfuata akiuliza maswali. Aliye gizani katika teolojia bado anajua kwamba kuna mtu anaua. Mwandishi anayetaka kuiga ugumu wa namna hiyo bila kutoa kamba ya kushika, ajue kwamba anaacha nusu ya mbinu.

Bei yake nyingine ni ya maneno. Paul Nation na Marcella Hu walichapisha mwaka 2000 utafiti uliotumia kifungu cha hadithi na wanafunzi wanaosoma kwa lugha ya pili. Walipojua asilimia 80 tu ya maneno, hakuna aliyeelewa vya kutosha. Kwa asilimia 95 baadhi waliweza, lakini si wengi. Hitimisho lao ni kwamba wengi huhitaji kujua takriban asilimia 98. Katika ukurasa wa maneno 250 hayo ni maneno matano yasiyojulikana. Msomaji wa lugha yake ya kwanza ana uvumilivu wake tofauti, lakini kama mwongozo wa kupima ukurasa wenye istilahi nyingi, matano ni namba nzuri ya kuanza kujiuliza. Hesabu maneno ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Yakifika kumi na mawili ukurasa mmoja, mengi hayafanyi kazi yoyote.

Kumpa njiani

Tunaipendelea njia hii kwa hadithi nyingi, na ndiyo inayohitaji ufundi zaidi. Zana zake si nyingi.

Mhusika asiyejua ndiye wa zamani kuliko wote. Watson, mwenzi wa mpelelezi Sherlock Holmes, tangu mwaka 1887, anauliza ili sisi tujibiwe. Hatari yake ni mhusika kuwa sikio tupu. Mpe sababu ya kutojua na hasara ya kutojua: karani mpya ambaye akikosea fomu hii atafukuzwa anauliza kwa moyo tofauti kabisa na mgeni anayetembezwa ofisini.

Zana ya pili ni kosa. Watu wakikosea, kanuni huonekana. Huhitaji kueleza kwamba mpanda mlima hapaswi kujifunga kamba kwa fundo fulani; muonyeshe mwenzake akilifungua bila kusema neno na kulifunga upya, huku mikono ikiwa mizito kwa hasira.

Ya tatu ni matokeo: onyesha jambo linafanya nini, acha linaitwaje lije baadaye au lisije. Hii ni nzuri hasa kwa vifaa vya kubuni. Chombo kikishafungua milango mitatu, jina lolote utakalokipa litaeleweka.

Ya nne ni marudio yenye kazi tofauti. Jambo linalobeba kilele liguswe mara mbili kabla yake: mara moja kama jambo dogo la kawaida, mara ya pili likiwa na uzito kidogo. Mguso mmoja husahaulika, hasa ukiwa kurasa 80 nyuma. Mitatu huanza kunuka, na msomaji mwepesi atajua mwisho wako.

Panapoharibika ni pale kila kitu kinapopewa njiani kwa uzito uleule. Msomaji hufundishwa mambo ishirini kwa ustadi na hajui lipi la kushika. Njia hii inahitaji uchoyo.

Maarifa hayafanani

Ushauri wa jumla hukwama hapa, kwa sababu kutojua sheria za mahakama si sawa na kutojua historia.

Ujuzi wa kazi ndio rahisi kushughulikia. Hakuna anayetarajia msomaji awe nao, na yeye mwenyewe haoni aibu kutokuwa nao. Mpe njiani. Kosa la kawaida ni usahihi unaozidi hitaji: majina ya vyombo sita vya upasuaji wakati tukio linahusu kimoja.

Historia ni ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi taharuki yote iko kichwani mwa msomaji na haipo kwenye karatasi. Fikiria riwaya inayoanza na familia ya Warszawa inayoandaa harusi ya Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1939. Anayejua kwamba Ujerumani iliivamia Poland Ijumaa, tarehe 1, anasoma orodha ya wageni kwa moyo kusimama. Asiyejua anasoma orodha ya wageni. Ukimtegemea wa kwanza peke yake, umeandika sura mbili tofauti, na moja wapo inachosha. Ukieleza vita katika aya ya pili, umeua kile kimya alichokuwa anakifurahia wa kwanza. Suluhisho ni ishara ambazo familia yenyewe inazipuuza: mahandaki yanachimbwa kwenye bustani ya umma njia ya kwenda kwa fundi wa gauni, kaka wa bwana harusi ameitwa jeshini na mama anauliza kama atapewa ruhusa ya siku moja. Sasa asiyejua anahisi kitu kinakuja, na anayejua hajaporwa. Kwa historia, lengo lisiwe kumfundisha asiyejua mpaka alingane na anayejua. Mpe hofu ileile kwa mlango mwingine.

Marejeo ya maandiko matakatifu, visasili na vitabu vingine yana jaribio lake rahisi: jifanye huyajui, kisha soma sentensi. Je, bado ina maana ya juu juu? Kama mhusika ameitwa jina la nabii na jina linafanya kazi kama jina tu, acha. Kama mwisho wa riwaya unaeleweka tu kwa anayekumbuka kisa cha ndugu waliomuuza ndugu yao, basi kisa hicho kiingie ndani ya kitabu: kisimuliwe na mtu, kwa sababu yake, hata kwa aya mbili.

Kanuni za utanzu ndizo zinazosahaulika. Msomaji wa hadithi za anga za mbali amezoea vyombo vinavyokwenda kasi kuliko mwanga, hahitaji fizikia yake. Mwandishi anayeingia utanzu huo kutoka nje hueleza kwa kurasa jambo ambalo wasomaji wake wamelikubali tangu utotoni, kisha huacha bila maelezo kitu cha pekee alichobuni yeye. Soma angalau vitabu kumi vya karibuni vya utanzu wako kabla ya kuamua nini ni kigeni.

Na riwaya za mfululizo: chukulia kwamba msomaji amesahau. Usimpe muhtasari, mpe alama ya jambo lililotokea pale linapohitajika tena, kwa sentensi moja. Mguu unaochechemea tangu kitabu cha kwanza unakumbusha vita vizima.

Lugha ya kigeni katika mazungumzo haihitaji maneno mengi: jibu la mhusika wa pili libebe maana, basi.

Jambo moja la kutuliza moyo. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walionyesha kwamba wanafunzi dhaifu wa kusoma lakini wanaojua mchezo wa besiboli walikumbuka maelezo ya mechi vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua mchezo. Msomaji anayekwama katika kitabu chako huenda ni msomaji hodari sana. Amekosa jambo moja tu ambalo ungeweza kumpa kwa maneno kumi na mawili.

Tanbihi na faharasa

Zinasaidia, hazibebi. Anthony Burgess, katika A Clockwork Orange ya mwaka 1962, aliwapa vijana wake lugha ya mitaani iliyojaa maneno yenye asili ya Kirusi, na toleo la kwanza la Uingereza halikuwa na faharasa. Toleo la Marekani liliongezewa moja, ambayo si yeye aliyeiandaa. Riwaya inasomeka bila hiyo, kwa sababu neno moja hurudi katika hali zinazolieleza. Hilo ndilo jaribio: ondoa faharasa, mpe mtu sura ya kwanza, uone. Ikisomeka, irudishe kama zawadi kwa wapenda undani. Isiposomeka, rekebisha sura, usirefushe faharasa.

Tanbihi ya chini ya ukurasa ni mbaya zaidi kwa taharuki, kwani jicho hushuka chini na kurudi likiwa limepoa. Tena katika vitabu vya kielektroniki na vya kusikiliza, msomaji anaweza asiione kabisa, au aipate mahali pasipofaa. Ramani na orodha ya wahusika ni salama, hasa wahusika wakizidi ishirini au wakiwa na majina yanayofanana.

Kupima mswada

Chapisha sura tatu: ya kwanza, ya katikati, na ya kilele. Pitia na kalamu mbili. Nyekundu iwe chini ya kila jambo ambalo msomaji asipolijua tukio halisimami. Buluu chini ya linaloongeza ladha. Kwa kila nyekundu, andika pembeni namba ya ukurasa lilipotajwa mara ya kwanza. Kama ni ukurasa uleule au wa baadaye, lirudishe nyuma, kabla ya tukio. Kama halipo popote, umempata mkosaji. Kwa buluu, angalia urefu tu. Buluu yenye aya nzima ikatwe au ipewe mhusika anayeihitaji.

Kisha tafuta wasomaji watatu wa majaribio: mmoja wa fani hiyo, mmoja asiye wa fani lakini msomaji wa utanzu huo, na mmoja asiye wa vyote viwili. Usiwaulize "umeelewa?" Watu wataitika kwa adabu. Waambie wasimame mahali ulipopachagua, kabla ya tukio kuu, wakujibu mawili: unadhani nini kitatokea, na unaogopa nini? Asiye wa fani akiogopa jambo sahihi, maarifa yamefika, hata kama hawezi kutaja jina la kitu chochote. Akitabiri vizuri lakini haogopi, umeeleza bila kumgusa. Mtu wa fani akisema amechoka, angalia kama analalamikia maelezo ya nyekundu au ya buluu. Kwa buluu msikilize, kwa nyekundu mwombe uvumilivu na ufupishe.

Wakitofautiana, fuata wa pili. Huyo ndiye atakayenunua kitabu.

Basi uchague ipi?

Hadithi fupi ya maneno 3,000 haina nafasi ya kupanda na kurudia. Chagua jambo moja tu la kitaalamu, litoe katika robo ya kwanza, mengine yote yaache au yafute. Riwaya ya kusisimua: mpe njiani, na maelezo marefu yaweke katika sura za utulivu kati ya matukio. Riwaya ya kihistoria: changanya, ishara kwa tarehe na maelezo kwa maisha ya kila siku yaliyopotea, maana hayo hata anayejua tarehe hayajui. Ulimwengu wa kubuni: acha mengi, eleza sheria tu, yaani kile kinachowezekana na kisichowezekana, kwa sababu juu ya hiyo ndipo hatari husimama. Msimulizi wa nafsi ya kwanza aliyebobea katika kazi yake: mruhusu aeleze, ila kwa pupa na chuki na mapenzi yake mwenyewe. Na kitabu unachotarajia kitafsiriwe, au kisomwe baada ya miaka thelathini, kipimwe upya kwa upande wa vifaa na majina ya watu mashuhuri wa leo. Hayo ndiyo huanza kuhitaji faharasa kabla ya kitu kingine chochote.